Mvua Yenye Viti Kumi na Viwili

Jamani, ada nimelipa, godoro nimenunua, na sanduku la bati juu. Sasa kijana karudi likizo kutoka seminari, nakabidhiwa daftari nimsikilize Kilatini! Neno lenyewe pluvia, maana yake mvua. Nikajua tumemaliza, twende tukale.

Kumbe ndiyo kwanza: kwa Kilatini neno hubadilika umbo kila likibadilishiwa kazi katika sentensi. Mvua ikitenda, pluvia. Ikimiliki, pluviae. Ikipewa kitu, pluviae tena (mvua inapewa nini, na nani?). Ikitendwa, pluviam. Zikiwa nyingi na zina mali, pluviarum. Jedwali lina viti 12, ila maumbo yanayoandikwa ni sita tu. Pluviae peke yake imekalia vinne. Kipo hata cha kuiita: "Ewe mvua!" Hicho ndicho changu kila masika, ingawa maneno ninayoongezea sidhani kama seminari wanayaruhusu.

Nikamwambia, mwanangu, kwetu mvua moja ni mvua, mvua mia ni mvua. Akanijibu: "Lakini baba, ile imenyesha, zile zimenyesha. Neno limetulia, majirani zake wote wanahama." Nikanyamaza. Ada inafanya kazi.

Akaleta imber, mvua ya kishindo. Pluvia ni ya kike, imber ya kiume. Nayo ikimiliki inakuwa imbris. Ile e imekwenda wapi? "Ndivyo ilivyo, baba." Ngoja mimi nimjibu hivyo siku ya nauli ya kurudi shule, uone mama yake atakavyoniwakia.

Halafu pluit, yaani inanyesha. Nani ananyesha? Hakuna. Kazi imefanyika, watu wamelowa, mhusika hayupo. Hapo nikakielewa Kilatini kuliko siku zote.

Hata joho la padre analovaa kwenye Baraka ya Sakramenti eti huitwa pluviale, kwa asili vazi la mvua. Ndani ya kanisa lenye paa! Sisi tunaotembea kwa miguu kwenda misa ya kwanza hatukufikiriwa.

Lililonimaliza ni nyumba za matajiri wa Roma. Waliacha tundu darini kwa makusudi, wakaliita compluvium, maji yadondokee bwawa dogo sakafuni, impluvium, kisha yaingie kisimani. Nimemwonya kijana asilitamke hilo jina kibarazani. Mwenye nyumba akisikia kwamba tundu la sebuleni kwetu ni compluvium, kodi inapanda mwezi huu huu.