Roketi za mfano: ushindani wa kweli uko kwenye injini

Kutengeneza mwili wa roketi ya mfano si kazi kubwa. Bomba la karatasi ngumu, mapezi ya mbao laini ya balsa, pua ya plastiki na parachuti. Fundi mwenye karakana ndogo anaweza kuvifungasha na kuviuza. Shughuli pevu ni injini. Kwa kawaida hutumika mara moja tu, ndani yake mna baruti nyeusi iliyoshindiliwa, na mtengenezaji hubeba hatari ya moto, gharama za bima na masharti ya kusafirisha mzigo unaowaka. Ndiyo maana nchini Marekani, palipo kitovu cha biashara hii, kampuni za injini ni chache mno.

Iliyotangulia ni Estes ya Colorado. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Vernon Estes aliombwa kuzalisha injini kwa ajili ya kampuni ya roketi za mfano ya G. Harry Stine. Akaunda mashine, akaiita Mabel, nayo ikazalisha kuliko mteja wake alivyohitaji. Akaanza kuuza mwenyewe. Kampuni ya Stine ilifungwa, yake ikakua.

Wanaoutetea ukubwa huo wana hoja nzito. Uzalishaji wa wingi ulishusha bei hadi mtoto wa shule akamudu, na injini ya kipenyo cha milimita 18 ikawa kipimo cha wote. Hata Quest, iliyoanzishwa na Bill Stine, mwana wa Harry, ilitengeneza injini za kipimo hichohicho.

Lakini tazama yaliyoipata Centuri ya Arizona, mshindani aliyeheshimika kwa ubunifu wake. Kampuni ya Damon iliinunua Estes mwaka 1969, kisha ikainunua na Centuri. Katika miaka ya 1980 jina la Centuri likaondolewa sokoni. Mimi naihesabu kuwa hasara, maana wabunifu wa pande mbili walikuwa wakisukumana.

Hatari kubwa zaidi ni ya kumtegemea mmoja. Mwaka 2001 kiwanda cha AeroTech, mtengenezaji wa injini za roketi kubwa, kiliungua huko Las Vegas, na warushaji wa roketi hizo wakapungukiwa na injini. Januari 2018 Hobbico, iliyokuwa ikiimiliki Estes, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Wanunuzi wapya waliiokoa Estes mwaka huohuo, ila mashule na vilabu vingeumia sana kama wasingejitokeza.

Wapo wanaohofia kwamba wazalishaji wakiongezeka, usalama utapungua. Hofu hiyo naielewa, ila chama cha kitaifa cha warushaji, NAR, hupima injini kabla ya kuzikubali katika mashindano yake, awe ameziunda mkongwe au mgeni. Leo Quest imo mikononi mwa wenye AeroTech, na injini zake za Q-Jet, zisizotumia baruti nyeusi, huingia katika roketi za milimita 18 na baadhi hufikia daraja la D katika kipimo cha nguvu za injini. Klabu yenye uwezo inunue za pande zote mbili, Estes na Quest, hata kama moja ni ghali zaidi.