Mwacheni Mtafiti wa Jeni Achunguze Hamira Yake

Kijana akiomba fedha za kuchunguza jeni, swali la kwanza huwa: utafiti huu utatibu nini? Kwangu mimi swali hilo linakuja mapema mno, na ushahidi wangu ni Paul Nurse.

Miaka ya 1970, akiwa Edinburgh, Mwingereza huyu alijifungia na hamira iliyotambuliwa mwaka 1893 kutoka kwenye pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki, ndiyo maana wanasayansi wanaiita Schizosaccharomyces pombe. Alitaka kujua jambo moja tu: seli hujuaje kwamba imeshakua vya kutosha, sasa igawanyike? Akawa anasaka kwa hadubini seli fupi kuliko kawaida, zile zinazogawanyika kabla ya wakati kwa sababu jeni fulani imebadilika.

Alikusanya aina 50 hivi. Karibu zote zilikuwa na hitilafu kwenye jeni ileile. Moja tu ndiyo ilikuwa tofauti, nayo ilitoka kwenye sahani iliyoota ukungu, ambayo alikwishaitupa kwenye pipa la taka kabla ya kurudi kuiokota. Hitilafu yake ilikuwa kwenye cdc2, jeni inayotengeneza kimeng'enya kinachoiamuru seli igawanyike.

Mwaka 1987, huko London, yeye na mtafiti mwenzake Melanie Lee walichukua hamira zilizoshindwa kugawanyika kwa sababu cdc2 yao ni mbovu, wakazitia vipande vya vinasaba vya binadamu. Chache zikaanza kugawanyika tena: zilikuwa zimepata jeni ya binadamu yenye kazi ileile. Sisi na hamira tuliachana njia zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, na bado jeni yetu inaiokoa! Kila nikilisoma jambo hili nasisimka.

Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 2001, pamoja na Leland Hartwell na Tim Hunt. Saratani ni seli zinazogawanyika bila breki, na mwaka 2015 Marekani iliidhinisha palbosiklibu, dawa ya saratani ya matiti inayozuia vimeng'enya vya ukoo mmoja na kile cha cdc2. Hapo ilishapita miaka 40 hivi tangu zile seli fupi za Edinburgh. Nani angemvumilia kijana wetu muda wote huo?

Hadubini tunazo, na vijana wenye subira wapo. Wanaogawa fedha za utafiti watenge fungu, hata dogo, la mtu anayetaka tu kuijua seli, na wasimdai dawa ndani ya miaka 3 ya ufadhili.