Dawati Mgongoni

Kazi yangu Japani ilikuwa mwalimu msaidizi wa Kiingereza. Mwenye somo ni mwalimu wa darasa. Mimi ni kaseti inayotembea. Natamka, watoto wanafuata.

Ilikuwa Septemba mosi, darasa la tatu, tunafundisha "on", "in" na "under". Asubuhi kwenye ubao wa chumba cha walimu kulikuwa na tangazo, kanji tupu, yale maandishi ya Kijapani, juu hadi chini. Nikalipita zangu.

Nikapaza sauti: "Under the desk!" Papo hapo spika ya ukutani ikaanza kubwabwaja, na watoto wote wakazama chini ya madawati. Hakuna kucheka, hakuna kusukumana, kila mmoja kashika miguu ya dawati lake. Maishani sijapata kutiiwa vile! Nikawapigia makofi: "Very good!" Kwa mbwembwe nikaongeza: "On the desk!"

Hakutikisika mtu.

Nikageuka kumwomba msaada mwalimu wa darasa. Naye yuko chini ya meza.

Jamani, mimi mtoto wa Morogoro, matetemeko nayasikia redioni. Nikajitosa chini ya dawati la karibu, lililotengenezewa mtoto wa miaka minane. Kichwa kikaingia, mabega yakaingia, yaliyobaki nikamwachia Mungu.

Kumbe zoezi! Siku hiyo Wajapani hukumbuka tetemeko kubwa la Kanto la 1923, na shule nyingi hufanya mazoezi ya kujiokoa. Spika ikaamuru tutoke twende uwanjani. Watoto wakavaa kofia zao za sponji, wakapanga mstari. Mimi nikainuka, na dawati likainuka nami: kile kindoano cha pembeni cha kutundikia mkoba kilikuwa kimenasa mkanda wa suruali.

Na sheria ya zoezi ni kutosukumana, kutokimbia, kutozungumza. Kwa hiyo watoto hawakucheka. Walivimba tu mashavu ndani ya kofia zile, machozi yakiwatiririka, huku mwalimu wao akinichomoa kwa adabu zote: "Sumimasen, sumimasen," yaani samahani, samahani.

Uwanjani mwalimu mkuu alikuwa na saa ya kuhesabia sekunde. Akasifu madarasa yote, kisha akautazama mkanda wangu uliokatika. "Darasa la tatu," akasema taratibu, "lilichelewa kidogo." Hapo ndipo vicheko vilipowapasuka.

Kipindi kilichofuata nikachora paka ndani ya sanduku. "Where is the cat?"

Darasa zima, kwa sauti moja: "Teacher is under the desk!"