Kabati la mwanamme wa Visiwani lianzie kwenye kanzu

Ushauri mwingi wa mavazi ya kiume unaozunguka mitandaoni unaanza na suti nyeusi, shati jeupe na viatu vyeusi vinavyong'aa. Umeandikwa na watu wa nchi za baridi, na kwao una maana. Mwanamme wa Unguja au Pemba akianza na suti nyeusi anaweka fedha zake kwenye nguo atakayoivaa kwa nadra, tena kwa kero. Nguo inayomtoa kila Ijumaa, Idd, harusini, kwenye maulidi na kwenye hitima ni kanzu. Kwa hiyo hesabu ya rangi ianze hapo, kwenye nyeupe na krimu, na kila kitakachonunuliwa baadaye kiulizwe kwanza: kinakwenda na kanzu au hakiendi?

Rangi zinazokwenda nazo ndizo zile tunazoziita zilizopoa: rangi ya mchanga, kaki, kijivu, kahawia na bluu iliyokoza. Uzuri wake ni kwamba zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe. Mashati matano (mawili meupe, moja krimu, moja la kijivu na moja la samawati hafifu) ukiyapa suruali tatu, ya bluu iliyokoza, ya kijivu na ya kaki, una mavazi 15 bila kusimama mbele ya kioo kujiuliza. Suruali moja ya rangi kali inakwenda na shati moja au mawili tu, halafu inalala kabatini mpaka upindo wake uote koga.

Nyeusi sijaitaja, na nimeiacha makusudi. Kwa hapa ni rangi ngumu kuitunza kuliko watu wanavyodhani. Pamba nyeusi ikianikwa juani wiki hadi wiki inageuka wekundu-wekundu mabegani na kwenye mikunjo ya mifuko, mahali panapopigwa na jua zaidi. Jasho likikauka mgongoni linaacha mstari mweupe wa chumvi unaoonekana kutoka mbali. Na nyeusi mbili za umri tofauti hazipatani: suruali mpya inaiumbua shati ya mwaka juzi. Bluu iliyokoza inapauka pia, lakini inapauka kwa heshima, inabaki bluu. Suruali moja nyeusi ya kazini sawa, kama kazi inaidai. Kuijenga kabati yote juu yake, hapana.

Sasa kanzu yenyewe. Tatu zinatosha: moja nyeupe safi, moja krimu, na moja ya kijivu au ya rangi ya mchanga kwa siku za kawaida. Krimu ndiyo ninayoitetea kuliko zote. Nyeupe ikianza kuzeeka inaonekana chafu hata ikiwa imetoka kufuliwa, na ikikaa karibu na kofia mpya nyeupe tofauti inazidi kujitokeza. Krimu inastahimili hali hiyo kwa miaka, na juu ya ngozi yetu haipigi kelele.

Kitambaa kitazamwe nje ya duka. Taa za madukani, iwe Darajani, Mchangani au Chake, zinadanganya: krimu iliyopendeza chini ya taa inaweza kuwa ya kijani-kijani ukiitoa barazani. Ukiwa hapo nje weka kiganja nyuma ya kitambaa kisichokunjwa. Ukiweza kuhesabu vidole vyako, na watu msikitini watahesabu mistari ya msuli uliojifunga ndani. Kisha omba uzi mmoja kutoka pembezoni, uuchome mahali salama. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini linalosagika. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Mchanganyiko unaacha vyote viwili. Mchanganyiko wenye pamba kwa sehemu kubwa unafaa sana, kwani haukunjamani haraka na bado unapitisha hewa. Kanzu ya poliesta tupu inang'aa, inashika jasho, na harufu ya kwapa inakaa ndani ya nyuzi hata baada ya kufua.

Kwa mtu wa kimo cha wastani, kitambaa chenye upana wa inchi 58 au 60 kinahitaji mita 3. Cha inchi 45 kinahitaji karibu mita 4. Mweleze fundi kwanza kabla hujakata, maana mwenye tumbo au bega pana anaongeza.

Na hapa ndipo kanzu nyingi zinapoharibika: kitambaa cha pamba kinapelekwa kwa fundi kikavu, kama kilivyotoka kwenye jora. Pamba ambayo haijaloweshwa ikarudi inaweza kupungua asilimia 4 kwenye ufuaji wa mwanzo. Kanzu ya sentimita 145 inapanda karibu sentimita 6, na nguo iliyokuwa inagusa kifundo cha mguu sasa inaishia kwenye muundi. Hakuna upindo wa kukuokoa hapo. Kiloweke kitambaa usiku mzima kwenye maji matupu, kianike kivulini bila kukikamua kwa kukisokota, kipige pasi, ndipo ukipeleke.

Kwa fundi, simamia mambo matatu. Mshono wa bega ukae juu ya mfupa wa bega, usishuke mkononi. Kifuani iachwe nafasi ya sentimita 12 hadi 15 zaidi ya kipimo cha mwili, la sivyo ukienda rukuu mgongo unavutika na kwapa linachanika. Shingoni ikifungwa kiingie kidole kimoja, si viwili. Nakshi iwe ya uzi wa rangi ileile ya kitambaa, au iwe kanzu ya mfuto kabisa. Nakshi ya dhahabu inapendeza siku ya harusi, lakini inaifunga kanzu kwenye shughuli moja.

Cha ndani wengi wanakikosea. Chini ya kanzu nyeupe, fulana nyeupe inajichora pale inapoishia, kwa sababu inapingana na ngozi. Fulana na bukta za kijivu au kahawia inayokaribia rangi ya ngozi hazionekani. Shuka ya ndani iwe ya rangi moja. Msuli wa miraba ubaki wa nyumbani na barazani, ambako ndiko kwake.

Kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono, zile zinazotoka kwenye mikono ya washonaji wa Unguja na Pemba, ndiyo sehemu ya kutoa fedha bila kusita. Vile vitundu vyake si pambo tu, vinapitisha hewa kichwani. Ya mashine ya nailoni inakufanya utoke jasho kabla hotuba haijaisha. Chagua ya uzi wa kahawia au krimu, na moja hiyo itakwenda na kanzu zote tatu. Ifue kwa mkono, itie kanji nyepesi, iivishe kwenye sufuria au bakuli la kipimo cha kichwa chako mpaka ikauke, ili duara lake lisipinde.

Koti liwe moja: bluu iliyokoza au kijivu cha kati, jepesi, lenye bitana nusu au lisilo na bitana mgongoni. Linavaliwa juu ya kanzu harusini na juu ya suruali ya kaki kwenye kikao. Bitana ya poliesta mgongo mzima inalifanya koti liwe oveni mwezi wa Januari. Ukilitafuta mtumbani, livae kwanza uangalie mabega, kwa sababu mabega ya koti fundi hawezi kuyarekebisha bila gharama kubwa. Mikono na kiuno anaviweza.

Mtumba kwa ujumla ni mahali pazuri pa mashati na suruali za rangi hizi, kwani wengi wanakimbilia zenye rangi kali na zilizopoa zinabaki chini ya rundo. Kunjua kola utazame mstari wa mkunjo, nyoosha kwapa mbele ya mwanga, vuta mshono wa matakoni kwa vidole viwili. Nyuzi zikifunguka na kuonyesha mwanga, iache hata kama bei inavutia.

Viatu viwe vya kahawia. Kahawia inakwenda na krimu, kijivu, kaki na bluu, na makubadhi ya ngozi ya rangi hiyo yanakwenda na kanzu zote. Mkanda ufuate kiatu. Zaidi ya hapo sina la kuongeza kuhusu viatu ila kwamba viwe jozi mbili za kupokezana, ngozi iliyolowa jasho ipate siku nzima ya kukauka.

Kufua ndiko kunakoamua kama kabati hili litadumu. Maji ya visima vyetu yanapita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi. Ndiyo maana sabuni ya mche haitoi povu. Chokaa na sabuni zikikutana zinatengeneza utando unaobaki kwenye nyuzi, na nguo nyeupe inaingia ujivujivu mwaka hadi mwaka huku mwenyewe akidhani ni uchakavu. Tumia maji ya mvua kwa nguo nyeupe ukiyapata. Usipoyapata, tumia sabuni ya unga, suuza mara mbili, na kwenye maji ya mwisho tia nusu kikombe cha siki nyeupe kwa ndoo ya lita 10. Harufu ya siki inaondoka nguo ikikauka.

Unjano wa kwapani mara nyingi unatokana na jasho likichanganyika na alumini iliyomo kwenye dawa za kuzuia jasho. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo haiuondoi, na kwenye kitambaa chenye poliesta inaweza kuuzidisha. Loweka sehemu hiyo nusu saa kwenye kikombe kimoja cha siki kwa viwili vya maji kabla ya sabuni, kisha isugue taratibu kwa brashi laini. Siki na dawa ya klorini visikutane kamwe ndani ya beseni moja, mvuke wake ni sumu.

Nguo mpya za bluu iliyokoza zifuliwe peke yake mara tatu za mwanzo, kwa maji baridi. Kule kuziloweka kwenye maji ya chumvi ili rangi "ishike" hakusaidii kitu kwa nguo zilizotiwa rangi kiwandani. Zigeuze ndani nje na uzianike kivulini. Nyeupe ndizo za kuanikwa juani.

Mafuta ya udi na atari yapakwe mwilini na yaachwe yakauke kabla ya kuvaa. Tone moja kwenye krimu linaacha doa la duara ambalo mara nyingi halitoki. Chetezo kiwe chini, mkono mmoja na nusu kutoka kwenye nguo. Karibu zaidi, moshi unaacha umanjano.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, usifungie nguo ndani ya mifuko ya plastiki. Unyevu unanaswa ndani na koga linaanzia kwenye kola na kwenye mikanda ya ngozi. Acha nafasi ya kidole kati ya nguo na nguo, weka vipande vya mkaa mkavu kwenye kopo lisilofunikwa chini ya kabati, na lifungue kabati siku ya jua. Ukipenda karafuu kwa ajili ya wadudu na harufu, zifunge kwenye kitambaa, kwa kuwa mafuta yake yanatia doa.

Kama fedha ni za kidogo kidogo, anza na kanzu ya krimu na kofia, kisha suruali ya bluu na mashati mawili, kisha makubadhi. Koti ni la mwisho. Na kitambaa cha Idd kipelekwe kwa fundi Shaabani: kumi la mwisho la Ramadhani mafundi wanakesha, vipimo vinachukuliwa kwa haraka, na hakuna muda wa kurudi kujaribisha.