Tovuti Yangu Haiuzi Kitu

Hapa Lamu ukisema una tovuti, utaulizwa papo hapo: unauza nini? Watu wamezoea tovuti za nyumba za wageni na za safari za jahazi. Yangu haiuzi kitu. Imebeba programu ndogondogo ninazoandika usiku kwa kupenda tu, na mawazo yaliyokosa pa kukaa. Naona kila kijana wa kisiwa hiki anayejua japo kidogo kuandika programu angekuwa na yake.

Chukua programu yangu ya bamvu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana. Ni mistari michache. Inaanzia mwezi mpya wa tarehe 6 Januari 2000, inahesabu siku mpaka leo, inagawanya kwa 29.53, na kinachobaki ndicho umri wa mwezi. Mwezi ukiwa mpya au mpevu, baada ya siku moja au mbili maji huwa bamvu. Ukiwa nusu, maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Halafu inasogeza saa kwa dakika 50 hivi kila siku, maana maji hayajai leo na kesho saa ileile. Nahodha wa mashua za Siyu hayo anayajua bila simu: akichelewa maji yakapwa, chombo kinakwama topeni. Mimi nilitaka kuona hesabu iliyo ndani yake.

Nilimwonyesha ami yangu, mvuvi wa miaka mingi. Akaitazama simu kwa makini, akasema, "Mwanangu, na upepo je? Kusi ikikaza, maji hayafuati hesabu hii." Programu haijui upepo. Maneno yake nimeyaandika chini ya hesabu, na katika ukurasa mzima hakuna ninachokipenda zaidi.

Sasa, kitu kama hicho ningekiweka wapi pengine? Kwenye kundi la WhatsApp, magharibi haijafika kishazikwa na picha za arusi. Kwenye Facebook naweza kukisimulia, lakini programu yenyewe haitafanya kazi ndani ya posti. Tena pale mimi ni mpangaji. Mwaka 2009 Yahoo ilipoifunga GeoCities, huduma yake iliyobeba kurasa za watu binafsi, kurasa za watu chungu nzima ziliondoka nayo, nyingine wenyewe hawakuwa na nakala. Zangu zote ziko kwenye kompyuta yangu na kwenye kidude cha USB. Anayenikodisha seva, ile kompyuta inayoiweka tovuti mtandaoni, akifunga duka, nahamia kwa mwingine siku hiyohiyo.

Ndiyo maana natumia HTML tupu, lugha ya msingi ya kuandikia kurasa za mtandao. Tim Berners-Lee alianza tovuti ya kwanza kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia Ulaya, na nakala yake ya mwaka 1992 hadi leo inafunguka kwenye simu bila tatizo. Faida nyingine ni bando. Ukurasa wa maandishi matupu ni kilobaiti chache, wakati picha moja ya simu inafika megabaiti kadhaa. Mwenye simu ya bei rahisi kule Kizingitini haoni kiduara kikizunguka.

Mawazo nayo nayaandika vivyo hivyo, mengine hayajaiva. Majuzi niliandika juu ya mafundi wa Matondoni, wanaounda jahazi bila ramani yoyote ya karatasi, kwa jicho na mkono, nikawa najiuliza kama programu nayo inaweza kuundwa hivyo. Jibu sina bado. Nimeliacha swali palepale, na siku nikipata la kuongeza nitaliongeza.

Wapo wanaoniambia hakuna atakayesoma. Sijaweka hata kihesabu cha wageni, na sitaweka. Nikianza kuangalia namba, nitaanza kuandika yale yanayopandisha namba, na programu ya bamvu haitakuwamo.

Anayeitaka aichukue, yote iko wazi. Mwezi ni mmoja kwa wote. Aliye Malindi abadilishe saa ya maji kujaa tu, baada ya kuwauliza wavuvi wa huko.