Herufi nene zilizoinama si kazi ya kitufe

Nazipenda sana herufi nene zilizoinama. Sizungumzii ule mlazo mwembamba unaotumika katikati ya aya kutaja jina la kitabu. Nazungumzia zile kubwa za vichwa na mabango, nzito, zinazoegemea kulia kama mkimbiaji anayetanguliza kifua ili akate utepe.

Sisi tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo herufi hizi zinainamia kule kule jicho linakoelekea. Liandike neno KASI kwa herufi zilizosimama wima, utakuwa umeitaja kasi tu. Liandike kwa herufi nene zilizoinama, neno lenyewe litaonekana limeshaondoka. Ndiyo maana zinafaa kwenye jezi, magari ya mashindano na viatu vya michezo. Jina la Nike lilikaa miaka mingi juu ya alama yake kwa fonti ya Futura nene, iliyobanwa na kuinamishwa. Ila mwendo si kazi yao pekee. Msanii Barbara Kruger alichukua Futura nene ya kuinama, akaandika kwa rangi nyeupe ndani ya mikanda myekundu juu ya picha zisizo na rangi. Pale hakuna kinachokimbia. Pale herufi zinakusogelea usoni, zinadai jibu.

Mlazo ulianza kwa upole: mwaka 1501, mjini Venice, mchapishaji Aldus Manutius alichapa kitabu kizima kwa herufi za mlazo zilizochongwa na Francesco Griffo, nyembamba, zikifuata mwandiko wa mkono. Unene wa kupiga kelele ulikuja baadaye, na matangazo ya karne ya 19.

Kinachoniudhi ni kitufe. Mtu anachukua fonti nene iliyosimama, anabonyeza alama ya mlazo, na programu inaisukuma kando kama anayesukuma bunda la karata. Itazame O iliyofanyiwa hivyo. Inavimba juu kulia na chini kushoto, halafu inakonda kwenye pembe nyingine mbili. Kwenye fonti nyembamba huenda usigundue. Kwenye fonti nene kosa linaonekana ukiwa ng'ambo ya barabara. Mchoraji makini huirudia kila herufi kwa jicho, anapunguza hapa, anaongeza pale. Mchoraji wa fonti Adrian Frutiger alipotoa fonti yake ya Univers mwaka 1957, herufi za kuinama zilikuwa na namba zao ndani ya ukoo: 55 ya kawaida ina 56, na 75 iliyo nene ina 76. Zilihesabiwa tangu mwanzo kuwa ndugu kamili.

Herufi nene zilizoinama zipe maneno machache. Kiswahili kina maneno marefu. Ukiweka “hawatatusahaulisha” kwa herufi nene zilizoinama unapata ukuta unaoanguka, hata kama fonti ni nzuri kiasi gani. Maneno mawili, matatu, yanatosha. Angalia pia ritifaa ya ng', ile alama ndogo ya juu, maana kwenye herufi nzito hugongana na irabu inayofuata, na itabidi uisogeze kwa mkono. Na ukiwa na mistari miwili, usiipange kwa rula upande wa kushoto. Uvute ule wa chini kidogo kushoto, ukingo nao ufuate mwinamo wa herufi.