TB ya utumbo au Crohn: Dar es Salaam tuanze na kosa lipi?

Chukua mfano wa kijana wa Mbagala mwenye miaka 26. Miezi minane tumbo linamkata upande wa kulia chini, anaharisha, suruali zinamdondoka. Amekwisha kunywa dawa za taifodi mara mbili na za amiba mara tatu, duka hili na lile. Bibi yake anasema ni chango. Siku anapopigwa kipimo cha kamera inayoingizwa utumboni, daktari anakuta vidonda pale utumbo mdogo unapoingia kwenye utumbo mpana, na hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu kona hiyo ni makao ya magonjwa mawili: kifua kikuu cha utumbo na ugonjwa wa Crohn.

Magonjwa hayo yanafanana, lakini tiba zake zinapingana. TB ina kijidudu cha kuua: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli kwa miezi 2, kisha mbili za kwanza kwa miezi 4. Crohn haina kijidudu kinachojulikana. Ni kinga ya mwili iliyochachamaa, na dawa zake, kama prednisoloni, azathioprini au infliximabu, kazi yake ni kuituliza. Mwenye TB akipewa dawa hizo ni sawa na kumwondoa mlinzi getini usiku, wakati wezi wamekwisha ingia uani.

Ndiyo maana madaktari wengi husema: ukiwa na shaka, anza na TB. Hoja yao ina uzito. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB. Tuna VVU, tuna nyumba za kupanga ambamo watu sita wanalala chumba kimoja, na wapo wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa, njia ambayo TB ya ng'ombe huingilia tumboni moja kwa moja. Isitoshe, dawa za TB zinatolewa bure, na kosa la kumpa mwenye Crohn dozi ya TB linaonekana kurekebishika.

Neno hilo, "linaonekana", ndilo linalonisumbua. Crohn isiyotibiwa haikai ikingoja. Utumbo unapata makovu, unabana, unatoboka njia za pembeni hadi kwenye ngozi au kibofu, na mwisho wake ni kisu. Huku mgonjwa anameza vidonge vinavyoweza kuumiza ini. Asipopona anatiliwa shaka mara mbili: kwanza kwamba hamezi dawa, pili kwamba TB yake ni sugu. Nani atakumbuka kuuliza kama ilikuwa TB tangu mwanzo?

Hapo inaingia ile imani kwamba Crohn ni ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli ulipewa jina huko: Burrill Crohn na wenzake wawili wa New York waliuandika mwaka 1932, na kabla yao, mwaka 1913, daktari wa Scotland aitwaye Dalziel alieleza wagonjwa waliofanana na wa TB ambao bakteria wake hakuweza kuwaona. (Kwa hiyo hata huko Ulaya mtihani ulianza na swali letu hilihili.) Lakini nchi ambako kila kidonda cha utumbo huitwa TB haiwezi kujua ina wagonjwa wangapi wa Crohn. Tunasema ni nadra kwa sababu hatuuoni, na hatuuoni kwa sababu tunasema ni nadra.

Je, vipimo havitatui? Vinasaidia, kwa kadiri. Vidonda vya TB hupenda kuzunguka utumbo kama mkanda kiunoni, na mlango kati ya utumbo mdogo na mpana huachwa wazi. Vya Crohn hukimbia kwa urefu, vikiruka vipande vizima, na mahali pengine uso wa utumbo huwa kama pevingi za uwanjani. Vidonda au usaha sehemu ya haja kubwa huelekeza kwenye Crohn. Maji tumboni na tezi zilizooza katikati huelekeza kwenye TB. Kinyama kinachokatwa utumboni ili kipimwe kikikutwa na vinundu vyenye kiini kilichooza kama jibini, shaka kwamba ni TB inapungua sana. Tatizo ni kwamba vinundu hivyo mara nyingi havipatikani. GeneXpert ya kinyama, mashine inayotafuta vinasaba vya kijidudu cha TB, ikisema ndiyo, iamini. Ikisema hapana, haijasema kitu. Picha safi ya kifua pia haimwondoi mtu kwenye TB ya tumbo. Kipimo cha TB cha ngozi ndicho dhaifu zaidi kwetu, kwa kuwa watu wengi wa mjini wamewahi kukutana na kijidudu bila kuugua, na chanjo ya BCG nayo huchanganya majibu.

Mimi nasimama upande wa kuanza na TB, ila kwa sharti moja ambalo halina mjadala: kurudia kamera baada ya miezi 2 hadi 3. Kujisikia nafuu si ushahidi. Crohn hupoa yenyewe kwa vipindi, na mwenye TB aliyepewa prednisoloni naye hula vizuri na kuacha homa kwa wiki kadhaa huku ugonjwa ukisambaa. Vidonda ndivyo visemavyo kweli: vya TB, dawa zikifanya kazi, kwa kawaida huwa vimefunga au vimepungua waziwazi kufikia wakati huo. Vikiwa palepale, usiongeze miezi kwa mazoea; kinyama kikatwe tena, usugu upimwe, na Crohn ijadiliwe kwa uzito.

Kijana wetu akianza dozi tarehe 1 Machi, kadi yake iandikwe siku hiyohiyo tarehe ya kamera ya Mei. Na aambiwe mapema, yeye na nduguze: dawa ni bure, kamera si bure, waanze kuichangia leo.